Mmiliki wa Pili wa Gari la Kiitaliano

Wiki mbili zilizopita tulimzika fundi mmoja wa magari wa mtaa wa Murara, na ninyi mnaosoma ukurasa huu, ambao magari yenu yaliwahi kuzimika njiani kwenda Rutshuru, mtamjua bila mimi kumtaja. Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili, hana maneno mengi. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia ugonjwa. Nilikwenda kilioni na huzuni ya kawaida ya mzee anayemzika mzee mwenzake. Nilirudi nyumbani na aibu, na bado haijanitoka.

Chini ya turubai, mbele ya jeneza, mtoto wa mheshimiwa mmoja wa zamani alishika mikrofoni. Yeye mwenyewe sasa ni mtu mzima mwenye mvi na suti nzuri. "Huyu muzee," alisema, "alikuwa mutumishi mwaminifu wa gari ya papa yangu. Aliitunza kama vile ni yake." Watu wakapiga makofi. Mjane alikaa ameinamisha kichwa. Mimi niliyajua yote, na nilipiga makofi pia, kwa sababu jirani yangu kwenye kiti alikuwa anapiga.

Gari lile liliingia huku na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, kabla ya uhuru. Lilikuwa gari la mbio la Kiitaliano, rangi ya maziwa, lenye viti viwili na turubai la kukunja badala ya paa. Wenye kuelewa wanasema yamebaki machache sana duniani. Barabara zetu za mawe ya volkano hazikulitaka hata siku moja. Fundi alikuwa kijana tu alipoanza kulitengenezea vipuri kwa mkono, na mzungu alipoona kwamba ataondoka na hatarudi, alimwandikia barua yenye sahihi: gari ni lako. Fundi akaileta barua hiyo ofisini, kwenye dirisha langu, ili jina lake liandikwe kwenye carte rose, kadi ya mwenye gari. Maana mimi nilikuwa karani wa kadi za magari. Nilimwambia arudi Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu akaja mheshimiwa. Siku zile mali za wageni zilikuwa zinagawiwa wenyeji wenye mkono mrefu serikalini, naye alikuwa amepewa shamba lile la kahawa. Alihesabu gari kuwa sehemu ya shamba, kama ng'ombe na mapipa. Hakunitisha wala hakunipa kitu mfukoni. Aliuliza tu, "Nasikia unaoa?" Nikasema ndiyo. "Basi hilo gari litakupeleka kanisani." Wenzangu wote walikuwa wameoa kwa Land Rover za kuazima, wakirushwarushwa ndani kama magunia. Mimi nilijiona nimekaa wazi, mji wote unatazama. Nikaitia barua ya fundi chini kabisa ya droo na kuandika jina la mheshimiwa. Fundi aliporudi, nilimwambia barua haionekani, labda aliisahau nyumbani. Aliitazama mikono yangu kidogo, akatoka.

Siku ya ndoa, dereva alikuwa yeye. Mheshimiwa alimtuma kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuingiza gia za gari lile. Mimi na bibi arusi tulikaa juu ya turubai lililokunjwa, miguu kwenye kiti, tukipunga mikono. Nilikitazama kisogo cha fundi kutoka nyumbani mpaka kanisani. Sikushuka.

Sasa turudi kilioni. Baada ya maziko, yule mtoto wa mheshimiwa alinivuta nyuma ya karakana ya marehemu, akatoa karatasi.

"Papa, weye ndiye uliandika carte rose ya hii gari, si ni vile?"

"Ni miye."

"Basi unipigie signature hapa. Muzungu mwenye kuinunua anataka histoire yote ya wenye walikuwa nayo, mukono kwa mukono."

Nilisoma. Mzungu wa kahawa, kisha mheshimiwa, kisha mtoto wake. "Na fundi iko wapi?"

"Fundi? Tukiandika kila mwenye alifunga bulo ya injini, Papa, karatasi itakuwa Biblia!"

"Alipewa kwa barua."

"Barua iko wapi?"

"Iliungua na ofisi, siku lava ilipita mu mji."

Alicheka kwa moyo wote. "Eeh! Basi uende uiombe kwa volkano."

Mwili wa mtu ulikuwa haujamaliza hata saa mbili ardhini. Sikutia sahihi. Msinisifu kwa hilo, kwani hakuwa na haja nami sana: kadi niliyoiandika ujanani inamtosha, na gari limekwisha kuondoka.

Nilirudi kwa mjane siku ya tatu, nikamwambia kwamba mwenye kuficha barua ni mimi.

"Nilijua, Papa," alisema. Alikuwa anachambua maharage na hakuacha. "Bwana yangu alijua tangu siku ile."

"Mbona hakuniuliza?"

"Alikuwa anasema, ule mutu anapita hapa kila siku, ananisalimia muzuri, siku moja ataweza kusema. Alikungojea. Sasa weye unaniambia miye, nifanye nini nayo? Uende useme kweli pale uliandika bongo."

Nilikwenda. Ofisi ni mpya, dirisha ni la namna ileile. Mama mmoja karani alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Muzee, mbona unajishitaki weye mwenyewe? Hii haitarudisha gari."

Nikamwambia ninajua. Niliapa, nikaandika mwenyewe kwamba mmiliki wa pili alikuwa fundi, na kwamba niliyemwibia ni mimi, kwa tamaa ya kuonekana. Nakala moja imetumwa kwa mnunuzi, ambaye hajajibu. Nyingine nimempelekea mjane, akaikunja bila kuisoma.

Nimesoma katika magazeti lawama nyingi juu ya wakubwa waliokula nchi hii, na nyingine niliziandika mimi hapa hapa. Wakubwa hawakujua hata kuandika kadi, waliandikiwa. Kama uko kwenye dirisha leo, na karatasi ya mtu asiye na mkono mrefu iko mbele yako, mwandikie jina lake kabla hujainua kichwa kuona nani mwingine amesimama foleni. Na kama ulikwisha kukosa, nenda leo kwake mwenyewe angali mzima, umpe nafasi ya kukutukana. Mimi nilipita mbele ya karakana ile miaka yote, asubuhi na jioni, na kila mara nilimwambia habari gani, naye kila mara aliitikia nzuri.