Jeti Juu ya Mpunga wa Bi Somoe

Mke wangu alinipa sharti moja: jeti yangu ikae kwenye meza ya chakula mpaka itakaporuka, na isiporuka safari hii, niitafutie mwenye kichaa kama changu aichukue. Miaka miwili tulikuwa tunakula mkekani kwa ajili yake. Mabawa niliyachonga mwenyewe jioni, baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza redio pale Temeke. Injini aliniletea shemeji yangu baharia, maana miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, chenye faida na kisicho na faida. Kwa hiyo niliposikia Bwana Hirji, muuza vipuri wa Kariakoo, anakusanya marubani wa jeti ndogo za kuongozwa kwa redio kule Mohoro, sikuuliza mara mbili.

Ijumaa alfajiri tulitoka Dar es Salaam kwa lori lake. Jeti zililala juu ya magodoro, sisi tukakalia mbao. Kila penye shimo nilikuwa naikumbatia yangu, na baada ya Mkuranga mashimo yalikuwa mengi kuliko barabara.

"Hata bibi harusi wako hukumshika hivyo," alisema Ngowi, fundi mitambo mzaliwa wa Moshi, rafiki yangu na mshindani wangu.

Kibiti tulisimama kula wali na kununua mafuta ya taa. Muuzaji alitaka kujua tuna koroboi ngapi hata tukanunua debe zima. Nikamwambia mafuta hayo ni ya injini ya jeti. Alicheka, akaita wenzake waje kunisikia nikirudia.

Ndundu, kwenye pantoni ya kuvuka Rufiji, nilishuka na jeti yangu mikononi, nimeifunika shuka isipate vumbi. Abiria walinipisha kwa heshima. Mzee mmoja akanipa pole na kuniuliza mgonjwa ameanza kuugua lini. Nikasema anaendelea vizuri.

Mohoro tuliingia jua likizama. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Mkumba, mkulima wa mpunga, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja cha zamani cha ndege, kilichobakia njia moja tu ngumu katikati ya majani. Alituchinjia kuku wawili, akatutandikia mikeka barazani.

Jumamosi asubuhi Bwana Hirji alisimamisha ubao wenye vibanio vya nguo, kila kibanio na namba ya chaneli. Sheria ni hii: huwashi redio yako mpaka uwe na kibanio cha chaneli yako. Redio mbili zikiwaka chaneli moja, jeti haimsikii yeyote, inakwenda kujiua. Mimi na Ngowi tulikuwa chaneli moja, kibanio kimoja. Kura zikapigwa. Yeye akapata Jumamosi, mimi Jumapili.

Jeti ya kwanza iliponguruma, kwelea, wale ndege walao nafaka, waliokuwa kwenye mpunga wa Bwana Mkumba waliinuka wote pamoja, wakavuka mfereji, wakatokomea. Ya pili ikaruka, ya tatu ikafuata, na hakuna kwelea aliyerudi. Bwana Mkumba aliteremka kutoka kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu cha kuamia mpunga, yaani kuulinda na ndege, akaja kukaa nasi.

"Mwaka wa kwanza huu nalala mchana," alisema. "Nyie kaeni hata mwezi."

Tulifurahi sana. Tulijiona tumefanya jambo la maana.

Jumapili asubuhi upepo ulikuwa umelala. Nilibana kibanio kwenye ukosi wa shati, nikajaza mafuta, nikaiweka jeti yangu kwenye njia. Ndipo akatokea mama mmoja mwenye debe tupu na kijiti, akatembea mpaka katikati ya njia, akaketi.

"Shikamoo mama," nilisema. "Hapo ndipo inapopita."

"Marahaba. Nnajua. Ndiyo maana nimekaa."

Alikuwa Bi Somoe, jirani wa Bwana Mkumba, mwenye shamba ng'ambo ya mfereji. "Mliowafukuza huku wote wako kwangu," alisema. "Tangu jana napiga debe, mkono umevimba. Niliyekuwa naamia naye ni binti yangu, amekwenda zahanati na mtoto, mpaka alasiri. Mpunga ule ndio chakula chetu. Leo mwataka kuwaongeza?"

Bwana Hirji alianza kumbembeleza, lakini yeye alikuwa ananitazama mimi, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu. "Nani ataniamia?" aliuliza.

Niliitazama jeti. Niliutazama upepo, ambao haukuwapo. Niliona uchungu, sitaficha. Kisha nikalichukua debe, nikamfuata shambani kwake.

Juu ya dungu lake nilipiga, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwelea wakiinuka upande huu, walikuwa wanatua upande ule. Muda si muda nikamwona Ngowi anapasua mpunga, amefura.

"Kibanio! Umeondoka nacho, na mimi nataka kurusha tena!"

Nikashika ukosi. Kweli, kilikuwa pale pale.

"Njoo ukichukue," nilimwambia. Alipofika chini ya dungu, Bi Somoe alimkabidhi sufuria na mwiko, akamwonyesha pembe ya mashariki. Ngowi akaenda akiigonga sufuria. Aliyetumwa kumtafuta Ngowi akapewa pembe ya magharibi. Kufikia adhuhuri Bwana Hirji mwenyewe alikuwa anapiga mabati.

Alasiri binti alirudi. Wenzetu walianza kufunga mizigo, na nilikwisha kata tamaa.

"Ya kwako haijaruka?" Bi Somoe aliuliza.

"Bado, mama."

"Irushe basi. Ila ipite juu ya mpunga wangu."

Iliruka. Niliipitisha chini juu ya shamba lake mara tatu, kwelea wakainuka wote, wakavuka mfereji kurudi walikotoka. Nilisikia kelele nyuma yangu. Bwana Mkumba alikuwa anakimbilia dungu lake, kanzu ameikunja mkononi, anaulizia debe lake liko wapi. Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliishusha jeti salama, machozi yananitoka.

Jumatatu tulirudi kwa njia ile ile. Kabla hatujaondoka tulikubaliana kwamba tukija tena, tutakuja baada ya mavuno. Njiani nilikuwa nawaza jinsi tulivyosifiwa siku nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wale kwelea wamekwenda kwa nani.

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni. "Imeruka?"

"Imeruka!"

"Hongera. Sasa itoke mezani."

Niliipeleka chumba cha watoto, nikaiweka kitandani kwa muda. Usiku ule tulikula mezani, mara ya kwanza kwa miaka miwili, na mke wangu alifurahi mno. Tulikuwa hatujanawa mikono tulipomwona binti yetu Asha amesimama mlangoni na mto wake kwapani.

"Baba," alisema, "na mimi nilale wapi?"