Makofi ya Kifungu cha Kumi na Nne

Chumba chetu kiko chini ya ukumbi wa Bunge, nasi tuliomo huandika kila neno linalosemwa juu. Mwandishi hukaa ukumbini dakika kumi, kisha hupokewa na mwenzake, akashuka kuchapa. Mimi hufuata nyuma na kanda ya sauti, nikihakiki. Wabunge hutuona tukiinuka na kuketi, lakini sidhani kama yupo anayeijua sura ya hata mmoja wetu.

Mkongwe wa kazi hii ni Mama Nukta. Tulimpa jina hilo kwa sababu akishafunga sentensi, imefungwa. Hata Spika, wabunge wakibishana nani alisema nini, huagiza kurasa zake. Kwa miaka ishirini na miwili ameandika bajeti, na baada ya kila bajeti ameandika bajeti ya nyongeza, maana serikali yetu haijapata kupika chungu kikatosha. Vidole vimempinda. Ukimuuliza kama hachoki kusikiliza, hujibu, "Mimi bomba tu, mwanangu. Maji machafu, maji safi, yote yanapita."

Safari hii alikuwa na lake. Mdogo wake wa tumbo moja figo zimegoma, na mara mbili kwa wiki husafiri kwa basi saa sita nzima kuja huku kusafishwa damu, kisha hulala hoi kwenye kochi la dada yake. Kifungu cha kumi na nne cha nyongeza kilikuwa na mashine mbili za kusafishia damu kwa hospitali ya kwao. Mama Nukta alikisoma hadi akakikariri.

Kwa mkosi, kifungu kiliangukia dakika zake. Alishuka saa kumi jioni, akaketi, akachapa. Nilipopokea kurasa nikaelewa: waziri kasimama, kaomba mashine zisubiri mwaka ujao ili kwanza ukumbi wa mikutano umaliziwe, Spika kauliza, na waliosema ndiyo wameshinda. Nusu saa baadaye nyongeza nzima ikapita.

Nikaweka kanda.

"Mama," nikamwambia taratibu, "hapa umeruka makofi."

"Hayakuwepo."

"Yapo, mama."

Nikampa hedifoni. Makofi yalikuwa marefu, na kuna mmoja alipigapiga meza. Niliwachukia watu wale, tena sana, ingawa najua hawakuwa na nia mbaya: waziri alisema maneno machache, nao walitaka kwenda nyumbani. Mama Nukta akarudisha kanda, akasikiliza mara ya pili. Kisha akavua hedifoni, akachapa ndani ya mabano: Makofi.

Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, imejaa furaha hadi mimi niliisikia.

"Dada! Redio imesema imepita!"

"Imepita, mdogo wangu. Ila mashine wamezitoa. Wanasema mwaka ujao."



"Mwaka ujao," yule akasema. "Na walipozitoa, dada, wenzao walisemaje?"

Mama Nukta akatazama neno alilotoka kulichapa.

"Hawakusema kitu," akajibu. "Walinyamaza wote. Waliona haya."

Kazi yangu ni kusahihisha. Nikavaa hedifoni, nikageukia ukuta.