Hatua Nilizoziandika

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu Fartun, na leo imenirudia kwa nguvu kwa sababu nimelala kwenye wodi ileile. Keti kidogo. Najua huna nafasi ya kuketi. Nimekutazama tangu asubuhi. Humu hospitali ya Garissa nilivaa sare ya uuguzi kama hiyo yako miaka mingi, nikastaafu, na sasa mawe ya nyongo yamenirudisha nikiwa mgonjwa wa kupasuliwa.

Siku hizo utaratibu huu wa kupona haraka ulikuwa mgeni. Sikuwa msichana tena, lakini mbele ya mpango ule sote tulikuwa wanafunzi. Zamani aliyepasuliwa tumbo tulimlaza wiki nzima, jamaa zake wamemzunguka wakimpepea. Mpango mpya ukasema anywe mapema, aketi siku hiyohiyo, kesho yake atembee mara nne, siku ya tatu aende kwao. Mimi nilicheka, nikasema haraka haraka haina baraka. Nilikosea, maana watu walipona kweli.

Wakubwa nao wakasema wagonjwa wakiondoka mapema, wauguzi watapumzika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kitanda kikiachwa asubuhi, saa sita mchana kina mtu mwingine. Zamani mgonjwa wa siku ya tano hakunisumbua, alipiga soga tu. Sasa wote walikuwa wa siku ya kwanza na ya pili, na hizo ndizo siku zenye kazi: kunyanyua, kutembeza, kuuliza maumivu, kufundisha jamaa kutunza kidonda, kisha kuandika kila kitu kwenye fomu. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa ishirini na sita.

Basi akaja Dahabo, mama mfugaji wa Elwak, kutolewa uvimbe tumboni. Mpwa wake alimfikisha kwa lori la mbuzi, akarudi na lori hilohilo. Nyumbani alikuwa amemwacha mama yake, kikongwe asiyeona, kwa jirani. Daktari alipomwambia siku tatu, alifurahi sana. Kila nilipopita alininyooshea vidole vitatu, akaniambia kwa Kisomali kwamba siku tatu tu, kisha anarudi kwa hooyo, mama yake.

Kesho yake baada ya upasuaji, wagonjwa wenye jamaa niliwatembeza wote, kwa sababu jamaa huuliza. Dahabo hakuwa na wa kuuliza. Nilipita kitandani pake nikamwambia nakuja. Nikapita tena, nikamwambia hivyohivyo. Alasiri nilichukua fomu yake nikatia tiki tatu kwa mpigo, na kisanduku cha nne nikakiacha ili hizo tatu zionekane za kweli. Ona ujanja huo.

Msimamizi wetu alikuwa Sista Mwende, mwanamke wa Kitui asiyepandisha sauti. Alikuja na fomu mkononi, akamuuliza Dahabo kwa Kiswahili kama miguu imepata nguvu baada ya kutembea mara tatu.

"Mimi habana tembea," Dahabo alijibu, akaninyooshea kidole bila ubaya wowote. "Huyu mtoto ndiyo tembea sana. Kutoka asubuhi mimi naona yeye. Maskini."

Mtoto, nami nina watoto wanne. Kumbe alikuwa amelala pale kutwa akinionea huruma, ndiyo maana hakuniita hata mara moja. Mwende akanivuta kando.

"Kazi ikikushinda, acha kisanduku wazi," alisema. "Mimi naomba muuguzi wa tatu tangu mwaka jana. Kila nikienda wananionyesha fomu zenu, kila kitu kimefanyika. Wamlete wa nini?"

Siku iliyofuata Dahabo aliamka na homa, kifua kimejaa. Daktari akasema kifua kama kile huwapata wanaolala bila kutembea. Siku tatu zake zikawa kumi na nane. Siku ya kumi na moja simu ilipigwa kutoka Elwak: mama yake amefariki na ameshazikwa. Mimi ndiye niliyemwambia. Wanawake wa vitanda vingine walikuwa na dada zao, na shangazi, na chupa za chai. Yeye aligeukia ukutani akajifunika shuka. Nilimshika mguu, maana mkono sikuthubutu. Hakunilaumu, hakujua kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha, na mimi sikumwambia. Hilo ninaishi nalo peke yangu mpaka leo, na linauma.

Mume wangu ametangulia mbele ya haki. Wanangu wako ng'ambo, hunipigia simu Ijumaa. Kitandani pangu hapa hakuna wa kukuuliza, mwanangu. Ndiyo maana, uliposahau fomu yangu juu ya blanketi, nilisoma kwamba leo nimetembea mara mbili, nami sijashuka kitandani.

Usiinamishe kichwa. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Nimekuona unavyokimbia, na mimi pia nimesema maskini.

Lakini nisikilize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wodi hii inaumwa uchache wa watu, nawe unaufunika kwa kalamu. Kazi usiyoiwahi acha kisanduku chake wazi, uandike kando kwamba hukuwahi, mlikuwa wawili. Watakugombeza. Waache wakugombeze, siku moja watahesabu visanduku vilivyo wazi. Na ukibakiwa na nafasi ya mtu mmoja tu, anza na yule asiye na jamaa. Mgonjwa haulizwi uji, na mpweke hasubiriwi aite. Wengine hawaiti kwa sababu wanakuhurumia.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu miguuni, akuzidishie wenzako kwenye zamu, na siku utakapolala wewe kitanda kama hiki, usikose wa kukushika. Sasa zikate hizo tiki mbili, kisha nipe mkono. Tufike dirishani na kurudi, halafu uandike kwamba nimetembea mara moja.