Mpe Mgongo, Atakula

Juzi mjukuu wangu kaletewa kitoto cha mbwa, eti kije kikue kitulindie mbuzi. Kimefika tu, kimeingia uvunguni mwa kitanda changu. Nakuja kutoka uani, namkuta huyo mjukuu kalala kifudifudi, kichwa kiko uvunguni, anakivuta kile kitoto mguu.

"Mwache!" Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa mwenyewe.

"Bibi, namtoa tu."

"Hatolewi huyo. Anatoka mwenyewe."

Akanicheka. Na mimi nikacheka, maana nacheka ovyo mimi, hata msibani nishawahi kucheka. Lakini moyo ulikuwa umeshakwenda zamani, mwenzangu, umekwenda Kibirizi, kwetu ufukweni mwa ziwa, miaka ile Warundi wanakuja wanakimbia vita kwao. Kaa nikwambie.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Shule nilikwenda kidogo nikaacha, kwa sababu bibi yangu alikuwa anaanika dagaa na mlinzi wa dagaa ni mimi. Enzi hizo dagaa wanaanikwa chini, kwenye mchanga wa ufukweni. Wanamwagwa asubuhi wanang'aa kama sindano, mchana wameshakauka, na harufu yake inakaa kwenye nywele wiki nzima. Kazi yangu kushika fimbo na kufukuza kunguru. Chakula chetu ugali wa muhogo na dagaa hao hao kwenye mawese. Hatukuchoka kuwala, we!

Basi asubuhi moja ukaja mtumbwi umejaa watu. Akashuka mama mmoja, hana mzigo, hana mtoto, kanga moja tu mwilini. Nyuma yake akaruka mbwa wa rangi ya majivu, mbavu nje, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye mitumbwi mibovu iliyopinduliwa, akajificha. Bibi akamchukua yule mama, akampa chumba cha uani. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, tukasikilizana. Akatuambia mbwa anaitwa Ntwari, maana yake shujaa. Jirani yetu, mama muuza mawese, alicheka mpaka akashika kiuno: "Shujaa gani huyu anakimbia kuku?"

Na kweli alikimbia kuku. Lakini fimbo ndiyo ilikuwa balaa. Akiona mtu kainua fimbo anajilaza chini, anajikojolea. Yule mama akasema wauaji walimpiga mbwa kwa fimbo siku waliyomuua mume wake. Halafu wakati wa kuondoka mtumbwi ulishasogea, mbwa akaogelea kuufuata, mwanaume mmoja akamkamata ngozi ya shingo akamvuta ndani. Toka hapo hataki mkono wa mtu. Hata wa huyo mama mwenyewe.

Mimi nikamtaka. Mtoto ndivyo alivyo, anayemkimbia ndiye anayemtaka. Nikachukua dagaa nikamrushia. Ile kuinua mkono tu, mbwa hayupo.

Bibi yangu alikuwa ananitazama huku anageuza dagaa. Bibi ni mtu wa swala tano, mbwa kwake ni najisi, akipita karibu anakunja kanga. Lakini akaniita: "Usimrushie. Weka chini, halafu geuka, mpe mgongo. Nani anakula anatolewa macho? Na usimshike. Mbwa hashikwi, utaniletea mate yake kwenye vyombo vyangu."

Basi nikawa naweka dagaa kwenye sahani ya bati, naigonga mara mbili, nakwenda kukaa nimempa mgongo, natazama ziwa. Siku ya kwanza wakala kunguru. Ya pili kunguru. Siku ya sijui ngapi nikasikia nyuma yangu: kruch, kruch. Wee! Nilitaka kuruka. Sikugeuka. Machozi yalinitoka kwa furaha na sikugeuka.

Na fimbo nikaiacha, maana nikishika fimbo haji. Kunguru wakafanya harusi. Bibi anauliza, "Fimbo iko wapi?" Namwambia imepotea. Anajua namdanganya, anaendelea kugeuza dagaa. Yule mama wa Kirundi akikaa mlangoni ananiambia, "Buhoro buhoro." Polepole. Ndiyo neno alilokuwa nalo kila siku, sijui alikuwa ananiambia mimi au anajiambia yeye.

Kila siku nasogeza sahani hatua moja. Mvua zikaja, zikaisha. Sahani ikafika nyuma yangu kabisa, nasikia pumzi yake ya moto kwenye kisigino. Sikumshika. Siku moja kunguru katua, mimi nimesinzia, Ntwari akatoka mbio akamfukuza, kunguru wote wakaruka juu. Akarudi anatikisa mkia. Yule mama alicheka. Ndiyo mara ya kwanza tunamsikia anacheka, sauti kama ya msichana. Bibi mwenyewe akasema, "Haya, leo shujaa kaonekana."

Sasa hapo ningekuwa msimuliaji mwongo ningeishia hapo.

Malori yakaja. Wakimbizi wote wa ufukweni wapelekwe bara, kwenye makambi. Watu tu, mbwa hapana. Yule mama akaja akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima, mbele ya mtoto! "Mwanangu, atalifuata lori, atafia njiani. Kwangu haji. Kwako anakuja. Mwite, umshike mpaka tupotee. Baadaye nitatafuta njia nimchukue."

Nikachukua kamba ya wavu nikaificha kwenye gauni. Nikagonga sahani mara mbili. Nikakaa, nikampa mgongo.

Akaja. Hakula. Akanizunguka, akaja mbele, akaweka pua kwenye kiganja changu akanilamba. Mara ya kwanza hiyo, mwenzangu. Miezi yote ile, na anachagua siku hiyo.

Nikamshika.

Hakuniuma. Hakubweka. Angeniuma ningepona mimi. Alijilaza chini, akajikojolea, akanitazama. Nikamfunga kamba shingoni nikamlalia juu, huku lori linanguruma, na yule mama juu ya lori kajifunika uso na kanga. Nilimshika mpaka vumbi likatua.

Nikamfungua. Hakukimbia hata. Alitembea, pole pole, mpaka kwenye mitumbwi mibovu, pale pale pa siku ya kwanza, akakaa ananitazama.

Bibi akaniita nioshwe mkono. Mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikauficha mkono nyuma, nalia, sitaki. Sitaki yatoke. Bibi akasimama na kata ya maji. Halafu, yeye wa swala tano, akayamwaga yale maji chini. "Utaosha kesho," akasema. "Leo kaa nayo."

Nikaenda kuweka dagaa. Nikagonga sahani, nikampa mgongo, nikakaa mpaka adhana ya magharibi. Nyuma yangu kimya. Walikula kunguru.

Asubuhi hayupo. Mwanamke muuza muhogo wa Kidahwe akatuambia kaona mbwa wa majivu barabarani anakimbia kuelekea Kasulu, njia ile ile ya malori, peke yake. Kama alifika, kama alimkuta mama yake, Mungu ndiye ajuaye. Yule mama hakurudi, wala salamu hazikuja. Mpaka leo najiambia huenda wako pamoja mahali. Najiambia.

Bibi yangu alishatangulia. Kibirizi siku hizi wengi wanaanika dagaa juu ya chanja za waya, mtoto wa kufukuza kunguru hatakiwi sana. Mchanga wangu siuoni tena.

Basi juzi nikamkalisha mjukuu sakafuni, sahani ya dagaa kwenye mdomo wa uvungu, sisi tumegeukia ukutani. Tukakaa. Miguu ikanifa ganzi, tukakaa. Halafu: kruch, kruch.

"Bibi! Anakula!" ananinong'oneza, na mkono wake ushaanza kwenda nyuma.

Nikaukamata ule mkono wake, nikaubana mapajani kwangu.

"Bibi, mbona unalia?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Tazama ukuta."