Jina Ambalo Ruweida Hakulitaja

Ruweida alikuwa muuza maziwa ya ngamia katika soko la Isiolo, mwanamke wa kupima maneno kama alivyopima maziwa. Mwaka huu alijiunga na chuo kikuu kimoja kinachofundisha kwa mtandao, asomee maendeleo ya jamii. Wifi yake Anisa, dada wa mumewe, alijiunga naye. Waliishi boma moja mtaani Bula Pesa, ukuta wa mabati ukiwatenga, na kila Jumamosi asubuhi kila mmoja alifungua simu yake akasikiliza somo lile lile.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipoanza kumea.

Anisa alikuwa mwepesi. Daktari Mawira, mwalimu wao, hakumaliza swali kabla Anisa hajawasha maikrofoni. "Vizuri sana, Anisa." "Haya, msikilizeni Anisa." Ruweida alizisikia sifa hizo mara mbili, kwenye simu yake na kupitia ukuta, na mara zote mbili zilimchoma.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa yake. Daktari aliwagawa kwa makundi, kila kundi likabeba jina la kiongozi wake. Lao liliongozwa na kijana wa Garbatulla aitwaye Galgalo. Ruweida ndiye aliyewazungukia akina mama wa maziwa akiwauliza kwa nini wenzao walijitoa kwenye chama chao cha kuuza maziwa. Lakini mwasilishaji alipaswa kuanza hivi: "Naitwa fulani, kutoka kundi la Galgalo." Na Galgalo lilikuwa jina la marehemu baba mkwe wake. Mke aliyeolewa katika ukoo ule halitamki jina la mkwe, awe hai, awe kaburini.

Zamu yake ilipofika, akanyamaza.

"Ruweida, upo?" Daktari aliuliza. "Au umewasha simu ukaenda kukama?"

Darasa likacheka. Anisa akadakia. "Naitwa Anisa Galgalo, kutoka kundi la Galgalo." Alilitamka kama mtu anayelamba asali. Lilikuwa jina la babake, nani angemzuia? Kisha akasimulia habari za akina mama kana kwamba yeye ndiye aliyeketi nao.

Daktari akatangaza kwamba asiyewasilisha kufikia Jumamosi ijayo hatafanya mtihani.

Jioni Anisa alimkuta uani akifukiza mitungi ya maziwa kwa moshi.

"Si ulitaje tu, mke wa kaka? Mzee hasikii."

"Kwako ni rahisi. Ulizaliwa nalo."

"Basi niachie kuongea. Wewe lete habari za soko."

Wiki ile Ruweida hakufungua masomo. Bando lake la intaneti liliisha, asinunue jingine. Alijiambia chuo ni cha wenye ndimi nyepesi. Lakini ng'ambo ya ukuta alimsikia Anisa akiyarudia maneno ya akina mama, akiyapamba, na akajiona kama mtu anayetazama ngamia wake akikamwa na jirani.

Ijumaa alinunua bando.

Jumamosi Daktari alimwita. Ruweida akawasha maikrofoni. "Naitwa Ruweida, kutoka kundi la..."

"Daktari, nimsaidie?" Anisa aliuliza kwa sauti tamu.

Utamu huo ndio uliomfungua Ruweida kinywa.

"Subiri nimalize, wifi. Daktari, salaam aleikum. Kiongozi wetu ana jina la baba mkwe wangu, na kwetu silitaji. Kama ni kosa, nifelishe. Lakini akina mama niliongea nao mimi."

Kijana mwenyewe wa Garbatulla akasema, "Mama, mimi niite Mjukuu. Hata nyumbani mama yangu haniiti jina, maana nimerithi la babu."

"Basi ni kundi la Mjukuu," Daktari alisema. "Endelea."

Akaendelea. Alieleza jinsi mama mmoja alivyojitoa baada ya maziwa yake mazima kumwagwa kwenye tanki moja na ya wenzake yaliyochacha, na hakuna aliyemwomba radhi. Daktari aliuliza swali, akajibu. Akauliza la pili, akajibu tena. Ng'ambo ya ukuta hakikusikika hata kikohozi, na kimya hicho kilimpendeza Ruweida kuliko alivyotaka kukiri.

"Sauti hii ilikuwa wapi siku zote?" Daktari alisema. "Mtihani utafanya. Na Anisa, asante kwa kumtia moyo wifi yako."

"Si kitu, Daktari," Anisa alijibu kwa unyenyekevu mwingi.

Furaha ya Ruweida ikachacha papo hapo. Kumtia moyo?

Daktari aliuliza nani angeanza wiki ijayo. Kabla Anisa hajavuta pumzi, Ruweida alikuwa ameshasema, "Mimi."