Waya Mbovu Hauchagui Saa

Mwandishi wenu ni mgeni mwepesi: haombi kitanda, hamalizi maji, wala hajawahi kumharibia mwenyeji kitu.

Ni saa sita adhuhuri, Jumatano. Katika zahanati ndogo nje ya Tarbaj, muuguzi Jawahir Hirsi anasoma mshale wa kipimo cha sola na kuandika daftarini, kama afanyavyo mara tatu kwa siku tangu 1993. Paneli mbili juu ya bati ndizo zinazoendesha jokofu la chanjo.

"Tatu," anasema. "Saa sita mshale huwa kwenye sita. Jumatatu tatu, jana tatu, leo tatu."

Jokofu limepata joto. Chupa za chanjo ya surua zimeharibika, ziko kwenye katoni, zinangoja kuteketezwa. Kesho akina mama wanaleta watoto thelathini na wanane, wengine wakitembea siku mbili.

Mwaka huo wa 1993 surua ilimchukua bintiye, Ruweyda, wa miaka miwili. Jokofu lilikuwa limezimika wiki nzima na hakuna aliyejua. "Ndiyo maana naandika," anasema. "Namba inalia mapema. Mtoto akilia, umechelewa."

Betri amezikagua. Vumbi hulifuta alfajiri, bati likiwa bado baridi.

"Basi ni waya," mwandishi wenu anasema kwa ujuzi wa kidato cha nne.

"Waya mbovu hauchagui saa, walaal, ndugu yangu. Asubuhi namba ni sawa. Adhuhuri inaanguka. Kuna kitu kinafunika jua."

"Labda tai ametua."

Jawahir hacheki. Ijumaa ataomba lifti ya lori hadi Wajir, akalete chanjo nyingine. Akikosa, ni kungoja mwezi mzima, na surua imeshaonekana Bura.

Anaegemeza ngazi ukutani.

"Usipande, utaungua bure," anasema Sirad, mfagiaji mzee ambaye wote humwita eddo, shangazi. "Ni suruali ya huyu. Alisema mbuzi watakula nguo yake, akaanika juu ya paneli. Saa nne anaweka, alasiri anatoa."

"Tangu lini, eddo?"

"Jumatatu, alipofika."

"Na ulinyamaza?"

"Mgeni haambiwi toa nguo yako."

Jawahir anatazama katoni, kisha daftari, safu ya mwisho: *Sababu*. Anamsogezea mwandishi wenu kalamu.

"Andika wewe. Kuandika ndiyo kazi yako."