Sekunde za Chumba cha Giza

Juzi nilipita soko la Kibuye, kwenye marundo ya vitu vikuukuu, nikaona redio ya transista iliyopasuliwa, matumbo nje. Nikasimama. Rafiki yangu, redio kama hiyo iliwahi kuokoa sura ya nyanya yangu. Ngoja nikueleze.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini jirani yetu kule mtaa wa Manyatta alikuwa mpiga picha. Chumba chake cha giza, cha kusafishia picha, kilikuwa stoo ya mabati, harufu ya dawa ikichanganyika na ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa nje. Alihesabu sekunde kwa mdomo, maana taa ikimulika karatasi kupita kiasi, picha inakuwa nyeusi. Lakini kwetu mtu hapiti mlangoni bila kusalimu, na ukisalimiwa lazima ujibu. Akijibu tu, hesabu imepotea.

Nyanya aliharibiwa picha mara mbili. Ya pili aliigeuza huku na huku. "Bwana, huyu ni mimi ama ni sufuria?"

"Lakini Mama, si wewe uliniuliza habari ya watoto nikiwa ndani?"

"Sasa nipite kimya kama mwizi?"

Alitania, ila moyo ulimuuma. Mjomba, mwanawe wa mwisho, alikuwa anaondoka na treni jioni ile kwenda kusoma ng'ambo, na alitaka kubeba sura ya mama yake. Karatasi ya picha ilibaki moja tu.

Dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, akaifungua redio yetu iliyokufa ili aigeuze kuwa kitu cha kulia tik kila sekunde. Usiogope, jambo lenyewe ni rahisi. Transista mbili hupokezana zamu. Moja ikilala, kapasita hujaa umeme polepole, kama mtungi chini ya bomba linalodondoka. Ikijaa, iliyolala huamka, mwenzake hulala, na spika hulia tik. Kidude cha kuongezea sauti kikageuzwa kuwa cha kupunguza au kuongeza kasi. Betri za tochi zikatosha. Mimi nilishika saa ya baba, nikihesabu milio mpaka mshale wa sekunde umalize dakika; ilitakiwa iwe sitini.

Barazani ilikuwa sawasawa. Tulipoiingiza kwenye mabati, joto likaifanya ikimbie kuliko saa. "Basi tutairekebisha humu humu," dada akasema, jasho likimtiririka, akazungusha kile kidude kidogo kidogo mpaka ikatulia.

Jirani akajifungia na karatasi ya mwisho, tayari kuhesabu milio kwa vidole, mdomo ukiwa huru. Nyanya akasimama nje, kiganja mdomoni. Tik. Tik. Kisha sauti ikatoka ndani: "Mama, kwani leo hunisalimii?"

Nyanya akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza habari ya mke, ya watoto, ya mvua, ya ng'ombe wa kwao, na jirani akajibu yote bila haraka. Mjomba alipanda treni na picha ikiwa bado mbichi ndani ya gazeti, kila mkunjo wa uso wa mama yake ukionekana.

Stoo ile ilibomolewa, na nyanya hayupo. Siku hizi simu yangu hupiga picha kabla sijavuta pumzi. Ni nzuri, sikatai. Ila hakuna tena mlango wa kusimama nje yake, mtu akikujibu habari za ng'ombe huku sura yako ikijitokeza taratibu gizani.